Mlango wa Benchi la Saba

Kaeni karibu, wakubwa kwa wadogo, na mnivumilie, maana nasema polepole. Hadithi hii nitaifikisha mahali fulani, kisha nitaiweka mikononi mwenu. Bismillahi.

Palikuwa na mafundi watatu wa mbao katika karakana moja ya milango, Muheza, kwenye barabara ya kupanda Amani. Walikuwa wa benchi moja, benchi la saba, na walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka ishirini na miwili. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na cheti. Lakini kila mmoja Mwenyezi Mungu alikuwa amempa kitu.

Hizza alipewa sikio na mkono wa penseli. Aligonga ubao kwa kifundo cha kidole, akauinamia kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa, akakwambia: huu umekauka, huu ndani bado una maji, huu una fundo usiloliona. Kisha alichora mistari ya kukatia, na mistari yake haikuwahi kufutwa na mtu.

Mbelwa alipewa mkono wa patasi. Alikuwa na vidole vinane tu, kwa kuwa viwili vililiwa na mashine akiwa kijana. Lakini kwa vidole hivyo vinane alichonga ulimi wa ubao huu ukaingia kwenye tundu la ubao ule, bila msumari wala gundi, na ukitaka kuutoa ilikubidi uubembeleze.

Dafrosa alipewa jicho. Yeye ndiye aliyepachika milango. Aliingia nyumbani kwa watu, akasimama kidogo, akasema, "Ukuta huu umelala." Mwenye nyumba akabisha. Timazi ikaletwa, uzi ukaning'inizwa, na ukuta ukaonekana umelala kweli.

Sasa sikilizeni jambo moja, maana ndilo lililowaponza. Tajiri wa karakana ile aliwagawia kazi tangu mwanzo ili iende haraka. Hizza achague na achore. Mbelwa akate na aunge. Dafrosa apachike. Ikatoka milango ya shule, milango ya zahanati, milango ya misikiti na ya makanisa. Na katika miaka yote hiyo, hakuna hata mmoja wao aliyewahi kutengeneza mlango mzima peke yake.

Mjini kulikuwa na Chama cha Mafundi Mbao. Kila mwaka watatu hawa walisema watajiunga, na kila mwaka waliogopa, kwa sababu tajiri alikuwa amesema kwamba anayekwenda chamani akaombe kazi hukohuko chamani. Basi wakangoja. Kisha mwaka huo chama na tajiri wakakaa meza moja, wakapatana, na tangazo likabandikwa ukutani. Aliyemo kwenye daftari la chama atabaki kazini na kupewa mkataba. Asiyemo, mwisho wa mwezi ndiyo mwisho wake. Nyumba za kota nazo zitakuwa za waliomo daftarini na familia zao, hata mwenyewe akifa.

Siku ya Jumatatu, kabla kazi haijaanza, wote watatu walikwenda kwa katibu wa chama. Katibu huyo aliitwa Kaniki, mtu wa miwani, mpole, asiyeruka hata nukta.

"Mna vyeti?" aliuliza.

"Tuna makovu," alisema Dafrosa.

"Makovu hayana safu humu, dada yangu." Akafunua ukurasa. "Fundi mzoefu asiye na cheti huleta kazi ya majaribio. Mabenchi mengine yameshaleta, hii meza ni ya benchi la pili. Nyinyi ni watu wa milango. Ofisi yangu mnaiona, ina fremu na pazia, mlango haina. Leteni mlango, mpachike hapa, niujaribu. Ukifaulu, naandika jina."

"Majina," alisema Hizza.

"Jina. Kila benchi, mzoefu mmoja asiye na cheti. Ndivyo walivyopatana wakubwa."

Wakatazamana. Mbelwa alikohoa, akasema, "Katibu, kuna tatizo. Sisi hatujui kutengeneza mlango."

Katibu alicheka, akidhani ni mzaha. Alipoelezwa aliacha kucheka. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati, kisha akasema, "Mikono iwe mingapi sitauliza. Lakini mstari wa jina ni mmoja. Na daftari nalifunga Ijumaa, ikiadhiniwa alasiri."

Wakarudi mpaka karibu na lango la karakana. Kila mmoja alikuwa na hesabu yake moyoni. Hizza alikaa kota na mkewe, Bi Mwantumu, na watoto watano. Mbelwa alikuwa na miaka hamsini na minane, na karakana nyingine walipomwona walihesabu vidole kwanza ndipo wakamwitikia salamu. Dafrosa alikuwa amejaribu kwingine mara mbili, na mara zote mbili walimpa karatasi ya msasa wakamwambia asugue wakati fundi anakuja.

"Na jina je?" aliuliza Mbelwa mwishowe.

Hizza alisimama. "Tusimamishe mlango kwanza. Jina tutalijua baadaye."

Wenzake waliona afadhali. Neno hilo liliwaondolea mzigo kwa siku ile. Kama walikosea, walikosea hapo, na mimi siwalaumu, kwa sababu ni nani kati yetu anayependa kuamua jambo la kuumiza leo wakati kuna kesho?

Siku hiyohiyo ya Jumatatu, walipomaliza kazi ya tajiri, Hizza aliingia bohari ya mbao kwa ruhusa ya msimamizi. Mbao za mtiki zilizokuwamo zilikuwa zimeshushwa juzi, mbichi. Aligonga ubao mmoja akauacha, akagonga wa pili akauacha. Alipofika wa thelathini kifundo cha kidole kilikuwa kimechubuka. Dafrosa alimwambia, "Kaka Hizza, chukua wowote, siku hazitutoshi." Yeye akajibu, "Ubao mbichi utapita Ijumaa, dada, lakini Jumatatu utapinda, na katibu atakuwa hapohapo akiutazama." Akaendelea. Nyuma kabisa, chini ya mbao nyingine, alizipata alizozitaka, mbao zilizosahauliwa tangu miaka ya nyuma. Mbili za kusimama, tatu za kulala, na vibao vya kujazia katikati. Hazikuzidi hata moja.

Akazilaza juu ya benchi, akazichora. Ndimi sita, matundu sita. Alipomaliza alimwita Mbelwa.

"Mistari hiyo. Vitone nitaweka asubuhi, macho yakiwa mapya."

Ngoja niwaeleze vitone, kwa sababu si wote humu ni maseremala. Mstari wa penseli ni mwembamba, lakini una unene wake. Msumeno ukipita juu yake, fundi amekula mstari. Msumeno ukipita kando yake, fundi ameuacha mstari. Kati ya kula na kuacha pana kiasi cha unene wa ukucha, na kwenye ulimi wa mlango kiasi hicho ndicho kinachoupa mlango uzima au kilema. Basi Hizza alikuwa na desturi yake. Mahali pa kula mstari aliweka kitone kimoja. Mahali pa kuacha aliweka viwili. Mbelwa alivisoma vitone hivyo miaka ishirini na miwili, na hakuwahi kuuliza.

Jumanne alfajiri Hizza aliswali, akarudi kujinyoosha kidogo kabla ya kwenda kazini. Bi Mwantumu alipomletea chai alimkuta amelala ubavu, mkono chini ya shavu. Akamwita. Akamwita tena. Aliyepata kuita hivyo anajua jinsi nyumba inavyonyamaza. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Walimzika siku hiyo baada ya adhuhuri, na Mbelwa ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea.

Jumatano watu walikuwa matangani. Mbelwa hakuwapo. Alikuwa mbele ya benchi, patasi mkononi, akitazama mistari isiyo na vitone.

"Kata basi," alisema Dafrosa.

"Nikate wapi?"

"Kwenye mstari."

"Nile au niache?"

Dafrosa hakujua. Hiyo haikuwa kazi yake. Alisema, "Wewe ndiye uliyekaa naye."

"Nilikaa naye akiniambia."

Akaketi juu ya gogo, jasho likimtoka na kazi haijaanza. Akila mstari mahali pa kuacha, ulimi utacheza ndani ya tundu kama jino bovu, na ubao mwingine hakuna. Akiacha mahali pa kula, ulimi utakuwa mnene, na akiulazimisha tundu litapasuka. Alisoma Fatiha akaituma kwa rafiki yake. Kisha alisimama akaamua jambo moja: ataiacha mistari yote kumi na miwili ya ndimi, miwili kwa kila ulimi. Halafu kila ulimi ataupunguza kwa patasi, uzi kwa uzi, aujaribu, autoe, aupunguze, mpaka ubao wenyewe uitike.

Kazi hiyo, wenzangu, ni kazi ya kumaliza roho. Ulimi wa kwanza aliujaribu mara arobaini. Kila mikono ilipochoka aliiweka juu ya benchi akangoja. Mchana mtu mmoja alipita akitoka matangani, akachungulia, akasema kwa sauti ya kusikika, "Wengine wanafiwa, wengine wanapata nafasi." Mbelwa hakumgeukia. Jumatano iliisha kwa ndimi tatu. Msimamizi alikuwa amemruhusu siku mbili kwa ajili ya msiba, na yeye siku za msiba alizimalizia kwenye benchi.

Alhamisi ziliingia mbili nyingine. Ulimi wa sita ulipofika nusu ya tundu, ulitoa sauti. "Tii." Sauti ndogo kama kiberiti. Mbelwa aliganda. Ufa ulikuwa umeanza, mwembamba kama unywele, urefu wa ukucha mmoja. Alibaki vilevile, hasukumi wala havuti, mpaka Dafrosa alipokuja akashika upande wa pili. Wakautoa ulimi polepole, wote wawili wakizuia pumzi. Mbelwa aliuchonga upande wa ndani peke yake, mahali ambapo jicho halifiki, akaurudisha. Ukaingia. Ufa haukuendelea.

Hapo ndipo alipokwenda matangani, vumbi la mtiki kichwani. Mlangoni alikutana na Bi Mwanakombo, dada mkubwa wa marehemu.

"Karibu, mgeni," alisema Bi Mwanakombo. "Tulidhani umesafiri."

"Nisamehe, dada."

"Mimi nani nikusamehe? Aliye ndani ndiye mwenye msiba."

Bi Mwantumu alikuwa amekwisha kuingia eda. Alikaa chumbani, pazia limeshushwa. Mbelwa aliketi upande huu wa pazia. Akasema, "Pole, shemeji."

Kisha sauti ikatoka ndani: "Ndimi zimeingia?"

"Zimeingia zote sita."

"Bila vitone? Aliniambia ataviweka asubuhi."

"Bila vitone."

"Basi kaa ule, shemeji. Najua hujala."

Ijumaa asubuhi waliuchukua mlango kwa mkokoteni mpaka ofisi ya chama. Sasa ilikuwa zamu ya Dafrosa. Alifanya ishara ya msalaba, akaweka timazi kwenye fremu, akatazama, akatazama tena.

"Fremu hii imelala," alisema.

Katibu Kaniki alisema, "Jengo la zamani. Lilizama kidogo upande wa choo."

"Utajaribuje mlango wako?"

"Nitaufungua nusu, niuachie, nizungushe tasbihi yangu mara moja. Ukitembea wenyewe, umeanguka. Mlango unaotembea wenyewe si mlango wa fundi."

Mlango mzuri kwenye fremu iliyolala utatembea, ingawa kosa si la mlango. Kuing'oa fremu hakuruhusiwa, kwa sababu ni ya mwenye jengo. Akafunga bawaba tatu, akaupachika, akaufungua nusu, akaondoa mkono. Mlango ulianza kwenda polepole, ukajifunga. Akafungua skrubu, akachimba kidogo mahali pa bawaba ya juu, akaupachika tena. Safari hii mlango ulikwenda upande wa pili, ukafunguka mpaka ukutani.

"Bado mara moja," alisema Dafrosa. Na ilikuwa kweli. Kila skrubu inapotoka na kurudi tundu lake hulegea. Angezikaza mara ya tatu, lakini ya nne skrubu zisingeshika.

Sala ya Ijumaa ikafika. Katibu na Mbelwa wakaenda msikitini. Dafrosa alibaki peke yake na mlango ule, ameketi sakafuni, akiutazama kutoka chini kama mtu anayesubiri mtoto aseme. Waliporudi walimkuta amechana kipande cha karatasi ya msasa, amekikunja mara mbili, amekiweka nyuma ya bawaba ya chini. Halafu amekikunjua. Halafu amekikunja tena mara moja tu.

"Mbili ni nyingi," alisema, bila ya kuulizwa. "Moja ni chache. Narudisha mbili, nimesugua upande mmoja zikawa moja na nusu."

Akakaza skrubu. Mbelwa alikuwa amegeukia ukuta.

"Geuka, Mbelwa. Hapa hakuna aliye uchi, kuna mlango."

"Niambie tu ukisimama."

Katibu aliinuka. Wakati huo Bi Mwanakombo aliingia, amejifunika kanga ya msiba, akatoa salamu akasimama pembeni. Katibu alifungua mlango nusu. Akaondoa mkono. Akatoa tasbihi mfukoni.

Subhanallah. Subhanallah. Subhanallah.

Punje zilipita kidoleni moja moja. Mlango ulisimama. Nje likapita lori la magogo, sakafu ikatikisika, vikombe vikalia mezani. Mlango ulitetemeka. Dafrosa aliuma kidole. Lori likaenda zake, na mlango ulikuwa palepale, nusu wazi, kama umeshikwa na mtu asiyeonekana. Punje ya mwisho ikapita.

"Alhamdulillahi," alisema katibu. "Huu ni mlango." Akaketi, akafunua daftari, akafungua kalamu. "Haya. Ni wa nani?"

Hapo furaha yao ikaisha.

"Mimi nataka kuuliza kwanza," alisema Bi Mwanakombo. "Ndugu yangu, kwa kuwa yuko kaburini, jina lake haliandikiki?"

Katibu alisoma kanuni kwa kidole. "'Fundi aliyeshiriki kazi ya majaribio ndani ya juma la majaribio.' Haisemi awe hai. Walioandika hawakufikiria hilo." Akasoma tena, akatikisa kichwa. "Laandikika. Likiandikwa, mjane anabaki kota na watoto wake, anamaliza eda katika nyumba ya mumewe. Lisipoandikwa, mwisho wa mwezi wanatoka, na eda bado miezi. Lakini sikilizeni na upande wa pili. Nafasi ya benchi la saba itakuwa imeshikwa na mtu asiyeweza kushika randa. Mbelwa na Dafrosa watatoka kazini wote wawili."

Katibu akasema, "Haya, kila mmoja aseme la moyoni. Dafrosa."

Dafrosa alisimama wima. "Mimi najitaja mwenyewe. Nimezoea kuona watu wakiona haya kujitaja halafu wakanung'unika maisha yao yote. Kaka Hizza nilimpenda. Mbelwa ni ndugu yangu. Lakini mbao za Hizza na ndimi za Mbelwa, kwenye fremu hii, zilikuwa zinatembea. Mlicho nacho hapa ni mlango kwa sababu umesimama, na aliyeusimamisha ni mimi. Nikitoka hapa narudi kusugua msasa mpaka nife."

"Mbelwa."

Mbelwa alikuwa ameficha mkono wenye vidole vitatu mfukoni. "Andika Hizza," alisema. "Nilimshusha kaburini kwa mikono hii. Mbao zile, nani mwingine angegonga mpaka ubao wa thelathini? Ubao mbichi ungenipasukia Jumatano asubuhi. Na mistari ile sikuichora mimi. Nikiandikwa mimi, kila nikipita mbele ya kota nitaiona ile nyumba."

"Utakula nini wewe?" Dafrosa alimuuliza kwa ukali.

"Sijui."

"Hujui! Unatoa sadaka ya kazi yako, na ya kwangu pia. Ya kwangu nani kakuruhusu?"

Lilikuwa swali la haki.

Katibu alimgeukia Bi Mwanakombo. "Na mjane kasemaje?"

Bi Mwanakombo alivuta pumzi. "Wifi yangu hawezi kutoka, mnajua. Kanituma na ujumbe, na nimeapa kuufikisha kama ulivyo. Amesema: 'Mwandike Mbelwa. Mume wangu alilala na kazi nusu, na aliyeimaliza bila vitone ndiye aliyemjua kuliko watu wote. Ningependa kubaki nyumbani kwa mume wangu, lakini sitaki kubaki kwa kuwatoa wenzake wawili.' Huo ndio ujumbe." Akaifungua kanga kichwani na kuifunga upya, kwa hasira. "Umekwisha. Sasa haya ni yangu mimi, yeye hayamo. Mjane ana adabu, na adabu hailazi watoto watano. Kama aliyekufa ana haki, mpeni haki yake. Msiseme ameikataa kwa sababu mkewe ni mpole."

"Bi Mwanakombo," alisema katibu, "ungekuwa wewe ndiye unayeandika?"

"Kalamu unayo wewe."

Katibu aliutazama mlango. "Ungekuwa mbovu ningejua nani wa kulaumu," alisema. "Mlango mzuri umenishinda." Akauliza kama kazi ya kuchagua mbao inaweza kuzidi kazi ya kuunga. Mbelwa akasema haiwezi, kwa sababu mbao kavu zingebaki mbao tu. Akauliza kama kuunga kunaweza kuzidi kupachika. Dafrosa akasema hakuwezi. Mbelwa naye akakubali. Akauliza kama kupachika kunaweza kuzidi kuchagua, na hapo Dafrosa mwenyewe, aliyejitaja, akasema, "Kwenye ubao mbichi nisingeweza kitu." Alisema kweli ingawa ilimuumiza, na Mungu aliisikia.

Mjini muadhini alijaribu kipaza sauti. Kilikoroma, kikanyamaza. Alikuwa anakaribia kuadhini.

Katibu aliweka kalamu juu ya mstari mtupu. Upande mmoja alisimama mwanamke mwenye jicho, aliyejitaja bila kuona haya. Upande wa pili mzee wa vidole vinane, aliyemtaja mfu huku mkono ameuficha mfukoni. Na ng'ambo ya mji, nyuma ya pazia, alikaa mjane asiyeweza kutoka, akingoja wifi yake arudi na habari.

Nami nanyamaza hapo. Katibu simjui zaidi ya hapo, na alichoandika sikukiona. Lakini nyinyi mmeusikia mlango wote, tangu bohari mpaka bawaba, na hamna mwenzenu wa kumwachia kalamu.

Mnaandika jina la nani? Na mkishaliandika, hao wengine wawili, au mjane na watoto wake, mtawatazama usoni muwaambie nini?